Filamu fupi na montaji kwa kamera ya picha mnato: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mtu anapoanza kutengeneza filamu kwa picha mojamoja, au kuunganisha picha kadhaa ziwe moja. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Kama una haraka na filamu yako inachezacheza mwanga, nenda moja kwa moja swali la 7. Wengi huishia hapo.

## Mambo ya mwanzo

1. Kamera ya picha inaweza kweli kutoa filamu?

Inaweza, na sinema yenyewe ilitokea huko. Mwaka 1878, Eadweard Muybridge alipanga kamera kwa safu kando ya njia ya farasi huko Palo Alto, California. Farasi alipopita mbio, kila kamera ikanasa hatua yake. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey akaunda kamera yenye umbo la bunduki iliyopiga picha 12 kwa sekunde moja. Mpaka leo, filamu yoyote unayoitazama ni picha mnato zinazofuatana upesi kiasi kwamba jicho halioni mapengo.

Wewe utafanya kazi ileile, ila polepole, na kila picha utakuwa umeichagua mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niipende kazi hii kuliko kushika kamera ya video.

2. Kuna aina gani za kazi, na nianze na ipi?

Kuna nne zinazofanywa zaidi. Ya kwanza ni uhuishaji wa picha kwa picha: unasogeza kitu kidogo, unapiga, unasogeza tena. Ya pili ni kubana muda: kamera inapiga yenyewe kila baada ya sekunde kadhaa, na saa mbili za mawingu zinakuwa sekunde kumi. Ya tatu ni filamu ya picha tulivu, ambamo hakuna kinachotembea ila hadithi inakwenda kwa mpangilio wa picha na sauti. Ya nne ni montaji, yaani picha moja iliyojengwa kwa vipande vya picha nyingi.

Anza na ya kwanza, kwa kitu kimoja kidogo juu ya meza. Itakufundisha kuifunga kamera na kuutawala mwanga, na ujuzi huo unahitajika katika zote nne.

3. Kamera yangu ni ya zamani. Inatosha?

Karibu hakika inatosha. Fremu ya video, yaani picha moja kati ya zinazounda filamu, ikiwa ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2 na kitu kidogo. Ile ya 3840 kwa 2160 ina takriban milioni 8.3. Kamera ya pikseli milioni 12 iliyosahaulika kabatini inazipita zote mbili, na ziada inabaki ya kukata pembeni.

Usiulize ina pikseli ngapi. Uliza kama inakuruhusu kuchagua mwenyewe kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga), tundu la lenzi (uwazi unaopitisha mwanga), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), fokasi (umbali ambao picha inakuwa kali) na rangi ya mwanga (jinsi kamera inavyosawazisha weupe), na kama vitakaa pale ulipoviweka. Simu nayo inafaa, mradi utumie programu inayoweza kuvifunga vitu hivyo.

4. Mbali na kamera, nahitaji nini?

Stendi imara ya miguu mitatu, kwanza kabisa. Itundikie mfuko wenye uzito katikati, na miguu yake uibandike sakafuni kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Halafu rimoti au waya wa kubonyezea, kwa sababu kidole kinaposhuka kwenye kitufe fremu inatikisika hata ukidhani mkono wako ni mtulivu. Kama huna, tumia kipima muda cha sekunde 2 kilichomo ndani ya kamera. Taa mbili za mezani zinakamilisha studio yako. Na kamera ikishakaa kwenye stendi, zima kidhibiti cha mtikisiko cha lenzi. Baadhi ya lenzi huendelea kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuisogeza picha.

## Picha kwa picha

5. Sekunde moja inahitaji picha ngapi?

Filamu za sinema kwa kawaida zina fremu 24 kwa sekunde, lakini wahuishaji wengi hupiga picha 12 na kila moja ikaonyeshwa mara mbili. Mwendo unakuwa na ukakasi kidogo, na ukakasi huo ndio ladha yake. Kwa hesabu hiyo, sekunde 10 ni picha 120, na dakika moja ni picha 720. Filamu yako ya kwanza isizidi sekunde 10.

6. Nisogeze kitu kiasi gani kati ya picha na picha?

Chukua ufunguo, uulaze mezani, na weka rula nje kidogo ya fremu. Ukiusogeza milimita 4 kila mara, utateleza kama uko kwenye mkanda wa mashine: unaanza ghafla, unasimama ghafla, hauna uhai. Sasa jaribu hivi: milimita 1, halafu 2, 4, 6, 6, 6, 4, 2, 1. Hizo ni picha tisa, robo tatu ya sekunde, na ufunguo umekwenda milimita 32. Safari hii unaonekana umejivuta, ukashika kasi, ukapunguza mwendo na kutua. Vitu vyenye uzito huanza polepole na kumalizia polepole, na jicho linalijua hilo hata kama mwenye jicho hajawahi kulifikiria.

Ufunguo ukishatua, usikimbilie tendo linalofuata. Piga picha sita bila kugusa kitu. Kisha ugeuze kichwa chake kidogo upande mmoja, picha tatu, urudishe. Hapo mtazamaji ataapa kwamba ufunguo umeangalia huku na huku. Kutulia kabla ya tendo ndiko kunakokipa kitu akili.

7. Kwa nini mwanga wa filamu yangu unachezacheza?

Kwa sababu kuna kitu kinachobadilika kati ya picha na picha bila wewe kukibadilisha. Vyanzo viko vitano, na mara nyingi viwili au vitatu vinakuja pamoja, ndiyo maana mtu anarekebisha kimoja na kukata tamaa.

Cha kwanza ni kamera yenyewe. Ukiiacha ijiamulie, itapima upya kila picha: mkono wako mweusi ukikaribia inaongeza mwanga, ukiondoka inapunguza. Weka kila kitu kwa mkono, ISO na rangi ya mwanga vikiwemo. Wengi hufunga kasi ya shata na tundu wakasahau ISO ya kujiendesha, nayo peke yake inatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Cha pili ni dirisha. Jua linasogea na mawingu yanapita, wewe ukiwa umeinamia meza huoni. Funga pazia zito na utumie taa tu.

Cha tatu ni wewe mwenyewe. Shati jeupe ni kioo kikubwa kinachorudisha mwanga mezani. Vaa nguo nyeusi, na kila unapobonyeza simama mahali palepale. Nimewahi kupiga filamu nzima nikiwa na shati la njano, na ukutani nyuma ya kikaragosi kulikuwa na doa la njano linaloibuka na kuzama kama pumzi. Nilitafuta kosa kwenye lenzi kwa siku mbili kabla sijajiangalia kifuani.

Cha nne ni tundu la lenzi. Lenzi nyingi za kisasa hukaa wazi kabisa unapolenga, zikafunga tundu kwa kufumba na kufumbua wakati wa kupiga tu. Vile visu vidogo vya ndani havirudi palepale kila mara. Tofauti ni ndogo mno kwa picha moja, ila kwenye mfululizo inaonekana. Dawa ni kupiga tundu likiwa wazi kabisa, au kutumia lenzi ya zamani ambayo tundu lake unalizungusha kwa pete na linabaki lilivyo.

Cha tano ni umeme. Katika nchi nyingi umeme wa nyumbani hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, katika nyingine 60, na taa nyingi hupwita maradufu ya hapo. Shata ya kasi itakamata mpwito mmoja ikiukosa mwingine. Kwa kuwa kitu chako kimetulia mezani, tumia shata ya polepole, hata nusu sekunde, ili mipwito mingi ichanganyike ndani ya picha moja.

8. Na fokasi?

Kwa mkono, daima. Lenga mara moja, kuza picha kwenye skrini ya kamera uhakikishe, kisha usiiguse tena.

9. Nimeigonga kamera nikiwa nimeshapiga picha mia na zaidi. Nianze upya?

Hapana, na usijaribu kuirudisha kwa macho. Mguu wangu uliwahi kugonga stendi kwenye picha ya 146. Nilitumia jioni nzima kusogeza kichwa cha stendi nywele kwa nywele, na kwenye filamu mruko ule bado unaonekana.

Fanya kinyume chake: ihamishe kamera kabisa. Sogea karibu, au zunguka upande wa pili, uendelee na tendo pale lilipoishia. Mtazamaji atauona kama mkato wa kawaida wa sinema, wala hatajua kulikuwa na ajali. Mruko wa milimita mbili unasumbua; mruko wa mita moja ni lugha.

10. Ninaweza kuwahuisha watu badala ya vitu?

Ndiyo, na inafurahisha sana. Mtu anasimama wima, unapiga, anasogea hatua nusu, anasimama, unapiga. Kwenye filamu atateleza ardhini bila kuinua mguu. Akiruka na ukampiga kila mara akiwa juu kabisa, ataonekana anaelea hewani. Kwa huyo anayeelea tumia shata ya kasi, 1/500 ya sekunde au fupi zaidi, na piga nje penye jua; ushauri wa nusu sekunde wa swali la 7 haumhusu. Mpe pumziko pia: picha 120 ni kuruka mara 120.

## Kubana muda

11. Nipige kila baada ya sekunde ngapi?

Anza na urefu wa filamu unayoitaka, urudi nyuma. Tukio la saa 2 ni sekunde 7,200. Ukitaka sekunde 10 za filamu kwa fremu 24, unahitaji picha 240. Gawanya 7,200 kwa 240: kila baada ya sekunde 30.

Hesabu hiyo ikishakamilika, tazama kinachotembea. Watu njiani wanataka sekunde 1 au 2, mawingu 3 hadi 5, vivuli vya jua 20 au 30, na mmea unaochipua unapimwa kwa dakika. Muda ukiwa mrefu kuliko mwendo wenyewe, watu watatokea na kupotea kama mizimu.

12. Magari na watu wanaonekana wanarukaruka. Nifanyeje?

Refusha shata. Ukipiga kila baada ya sekunde 2, shata ya karibu sekunde 1 itaacha kila kinachotembea na mkia wa ukungu, na mkia wa picha moja utapokea kichwa cha inayofuata. Mchana mwanga utakuwa mwingi mno kwa hilo, hivyo utahitaji kioo cheusi cha kuvisha mbele ya lenzi.

13. Jua linapozama, mpangilio niliofunga unanipa picha nyeusi. Je?

Hapa kanuni ya swali la 7 inalegezwa kidogo. Funga ISO, tundu na rangi ya mwanga, ila kasi ya shata iachie kamera. Mwanga utachezacheza kiasi, kisha utausawazisha wakati wa kuhariri. Rangi ya mwanga usiiachie kabisa, vinginevyo kamera itaufuta wekundu wa machweo ikidhani ni kosa.

14. Je, kazi hii haiichoshi kamera?

Inaichosha kwa kiasi. Shata ya mitambo ina umri. Watengenezaji wengi hutaja mipigo 100,000 au zaidi. Filamu ya dakika moja kwa fremu 24 ni picha 1,440. Kama kamera yako ina shata ya kielektroniki, itumie. Zima pia ile tabia ya kuonyesha picha baada ya kila mpigo, maana skrini ndiyo inayomaliza betri.

Jambo dogo linalowaumiza wengi: namba za mafaili hufika 9999 na kurudi 0001. Mfululizo wako ukivuka hapo, kompyuta itaupanga mwisho mbele ya mwanzo. Angalia namba kabla ya kuanza.

## Filamu ya picha tulivu

15. Kama hakuna kinachotembea, mtazamaji hatachoka?

Mwaka 1962 Chris Marker alitoa *La Jetée*, filamu ya takriban dakika 28 iliyoundwa karibu yote kwa picha mnato, na watu wanaitazama mpaka leo. Kwa hiyo jibu liko wazi. Ila ni lazima ujue kinachofanya kazi badala ya mwendo, nacho ni muda. Sekunde ambazo picha inakaa mbele ya macho ndizo uigizaji wake.

Fikiria picha tatu: mkono juu ya kitasa cha mlango, korido tupu, kiatu kimoja kizingitini. Zipe kila moja sekunde 2 na umepata taarifa: mtu ameondoka. Sasa mkono upe sekunde 2, korido sekunde 7, kiatu sekunde 1 na skrini iwe nyeusi. Picha ni zilezile, lakini kwenye korido mtazamaji ameanza kusubiri, ameanza kutafuta mtu, ameogopa kidogo. Weka chini yake sauti ya saa ya ukutani na hatua zinazofifia, na hakuna atakayeuliza kwa nini picha haitembei.

Ndiyo maana programu zinazotoa sekunde 3 sawasawa kwa kila picha huua filamu hizi. Mpangilio huo uondoe kabla hujafanya jambo jingine lolote. Halafu keti, tazama kila picha, na uikate pale unapohisi wewe mwenyewe umeshiba.

16. Niisogeze picha ndani ya fremu, kuikaribia au kuiachia?

Mara chache, na kwa sababu. Picha yenye upana wa pikseli 6,000 ndani ya fremu ya 1,920 inakupa nafasi ya kukaribia zaidi ya mara tatu bila kufifia. Lakini kila picha ikisogea, kusogea hakusemi kitu. Itunze kwa ajili ya uso mmoja, mahali pamoja.

17. Kwa nini juu na chini ya picha zangu panakatwa?

Kamera nyingi hupiga kwa uwiano wa 3:2 au 4:3, na video ni 16:9. Kutoka 3:2 unapoteza karibu asilimia 16 ya kimo. Acha nafasi juu ya vichwa tangu unapopiga.

## Montaji ya picha

18. Montaji ni udanganyifu wa kompyuta tu?

Ni kongwe kuliko kompyuta kwa miongo mingi. Mwaka 1857 Oscar Rejlander aliunganisha negativu zaidi ya 30 kuwa picha moja, na mwaka uliofuata Henry Peach Robinson akatumia tano kuonyesha msichana anayekata roho akiwa na jamaa zake. Inakuwa udanganyifu pale unapoitoa kama ushahidi wa jambo ambalo halikutokea. Ukiitoa kama montaji, sema ni montaji.

19. Kwa nini mtu niliyemwingiza anaonekana amebandikwa?

Watu hulaumu ukataji wa kingo. Kwa kawaida kosa liko kwingine, na lilishafanyika kabla ya kufungua kompyuta.

Tazama kwanza kimo cha kamera. Mandhari ikipigwa kutoka kifuani na mtu akapigwa kutoka juu ya ngazi, hakuna kinachoweza kuwapatanisha. Kisha mwelekeo wa mwanga: kivuli cha pua kiseme sawa na vivuli vya miti. Kisha ugumu wa mwanga, kwa sababu jua kali hukata vivuli kwa kisu na mawingu huvilainisha. Baada ya hapo ndipo uje kwenye rangi na chembechembe.

Mwisho tazama nyayo. Pale kiatu kinapogusa ardhi pana mstari mwembamba mweusi kabisa, mweusi kuliko kivuli chenyewe. Bila mstari huo mtu anaelea. Uchore kwa brashi ndogo, laini, na utamwona akishuka na kusimama.

20. Nataka mtu yuleyule atokee mara tatu kwenye picha moja.

Kamera juu ya stendi, kila kitu kimefungwa kama swali la 7, picha tatu, mtu akihama kila mara. Kwenye programu ziweke kwa tabaka na ufute ya juu pale ambapo ya chini inatakiwa ionekane. Ikiwa miili na vivuli havipishani, kazi inaisha kwa dakika tano.

## Kuhariri, sauti na yasiyo ya kawaida

21. Nitumie programu gani?

Blender, Kdenlive na Shotcut ni za bure, na DaVinci Resolve ina toleo la bure. Kwa montaji, GIMP. Kwa kuunganisha mandhari pana, Hugin. Zote zitakufaa. Unapoingiza picha za uhuishaji, ziingize kama mfululizo mmoja na uweke idadi ya fremu kwa sekunde, usiziburute mojamoja.

22. Kamera haikurekodi sauti. Nitaitoa wapi?

Utaitengeneza, na hiyo ni bahati. Rekodi kwa simu iliyo karibu sana na chanzo, sentimita 20 hivi, kwenye chumba chenye mapazia na godoro ili pasiwe na mwangwi. Ufunguo wa swali la 6 ukiburutwa juu ya mbao una sauti, ukiburutwa juu ya kioo una nyingine, na filamu inabadilika tabia. Rekodi pia nusu dakika ya ukimya wa chumba, uutandaze chini ya filamu nzima. Muziki tumia wenye leseni inayokuruhusu, na usome masharti yake kabla ya kuhariri.

23. Nikitumia video ya kamera hiyohiyo, inajizima karibu na dakika 30. Imeharibika?

Haijaharibika. Kamera nyingi za picha ziliwekewa kikomo cha dakika 29 na sekunde 59 kwa sababu ya ushuru wa forodha wa Ulaya, ambao uliihesabu kamera inayorekodi dakika 30 au zaidi kuwa kamera ya video. Ikijizima mapema zaidi, gusa mwili wake: kama ni moto, ni joto. Kama ni baridi, huenda kadi imejaa au ni ya polepole.